Ridhaa katika ngono: vijana wa timu yangu wameniuliza, niwajibu nini?

Kocha wa Kayole

Ndugu zangu, hamjambo. Ninafundisha timu ya kandanda ya vijana huku Kayole, Nairobi, na wengi wao wana umri wa kati ya miaka 18 na 23. Jumamosi iliyopita baada ya mazoezi walianza kuzungumza kuhusu msichana mmoja wa mtaani ambaye, kwa maneno yao, alilala kwa kijana fulani kisha akaenda kuripoti kwamba amebakwa. Walimtetea kijana huyo kwa hoja hizi: msichana aliingia nyumbani kwa miguu yake, alikubali kununuliwa nyama na bia, hakupiga mayowe ilhali nyumba za ploti hiyo zimetenganishwa na mabati tu, na asubuhi yake alimtumia kijana ujumbe wa kumjulia hali. Mmoja akasema aliyenyamaza amekubali, wenzake wakacheka. Kesi yenyewe siijui na sitaki kuihukumu, lakini ningependa tuizungumzie mada hii vizuri kabla ya mazoezi yajayo. Sheria yetu ya Kenya inasemaje kuhusu ridhaa, na hizo hoja zao zina uzito wowote?

Wakili, Ngara

Kocha, shukrani kwa kutoliacha jambo hili lipite na kicheko. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, sasa jaji wa Mahakama ya Juu, inaeleza ridhaa katika kifungu cha 42: mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Waambie vijana wako walishike neno uhuru na neno uwezo, kwa sababu hoja zao zote zinaangukia hapo. Aliyelala usingizi, aliyezirai, au aliyelewa kiasi cha kutojua kinachoendelea hana uwezo huo, hata kama bia alikunywa mwenyewe. Anayetishwa, au anayeshurutishwa na mtu mwenye mamlaka juu yake, kama vile mwajiri au mwalimu (na ndiyo, hata kocha), hana uhuru. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia kisheria, hata aseme ndiyo mara ngapi.

Kuhusu nyama na bia, aliyekubali chakula amekubali chakula. Kuingia nyumbani ni kukubali kuingia nyumbani, na mtu anaweza kubadilisha nia yake akiwa tayari kitandani. Adhabu ya ubakaji haipungui kifungo cha miaka 10 na inaweza kufika maisha, kwa hiyo kijana asidhani kwamba anacheza na suala la adabu pekee.

Sheria yenyewe haijakamilika, na ni haki vijana wajue. Kifungu cha 43, kinachotaja mazingira ya shuruti, kinasema hakiwahusu watu walio katika ndoa halali, jambo ambalo wengi wetu katika taaluma hii tunaliona kuwa aibu. Hata hivyo, Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inautambua ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma, na mke anaweza kuomba amri ya mahakama ya kumlinda.

Muuguzi wa Eastlands

Niongeze kuhusu mayowe, kwa sababu swali hili huwaumiza manusura kuliko mengine yote. Mtu anapopatwa na hofu kuu anaweza kupigana au kukimbia, lakini pia anaweza kuganda: viungo havitii na sauti haitoki. Hachagui. Wengi ninaowahudumia hujilaumu kwa hilo kabla hata mtu mwingine hajawalaumu, na wengi hawana jeraha lolote linaloonekana. Ule ujumbe wa asubuhi nao haunishangazi. Mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika, pengine jirani utakayekutana naye tena bombani jioni, na mtu huzungumza naye kama kawaida huku bado hajajua alitendewa nini.

Baba Wawili

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini nina watoto wa kiume. Je, msichana akisema uongo? Itakuwa neno lake dhidi ya neno la mwanangu, na mwanangu ataozea jela?

Wakili, Ngara

Mzee wangu, hofu yako naielewa. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na mshtakiwa wa ubakaji ana haki zote za kujitetea. Ni kweli kwamba kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mlalamishi peke yake, lakini sharti hakimu aandike sababu za kuridhika kwamba anasema ukweli. Zamani Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwa na kifungu cha 38 kilichotishia mlalamishi wa uongo kwa adhabu sawa na ya kosa lenyewe, na kilifutwa mwaka 2012 kwa sababu kiliwafunga midomo waliodhulumiwa kweli. Kumbuka pia kwamba sheria hii haibagui jinsia. Wanao wakidhulumiwa, inawalinda vilevile.

Kocha wa Kayole

Nimeelewa, na hilo la wavulana sikuwa nimepanga kuligusa; sasa nitaanza nalo. Swali la mwisho: kijana akibaki nyuma baada ya mazungumzo aniambie kwamba yeye mwenyewe, au dada yake, ametendewa hivyo, nifanye nini?

Muuguzi wa Eastlands

Msikilize bila kumuuliza alikuwa amevaa nini wala alifuata nini huko. Kama ni tukio la karibuni, hospitali ndiyo ya kwanza, na asirudishwe kwa kukosa barua ya polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, ingawa mapema ni bora zaidi. Asioge kabla ya kupimwa akiweza kujizuia, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni huzitia unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali itajaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, na polisi watatoa P3, fomu ya taarifa ya majeraha na uchunguzi, ambayo daktari ataijaza. Akitaka kuzungumza na mtu kwanza, nambari 1195 ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia hupigwa bila malipo. Kuripoti au kutoripoti, ikiwa ni mtu mzima, mwachie aamue mwenyewe. Akiwa mtoto, usingoje, mpeleke siku hiyohiyo.