Dawa ya nano kwa mihogo yetu ya Pwani: tuipokee au tuikatae?

Mzee wa Kisauni
Asalaam aleikum. Nina kishamba Kikambala. Juzi nimeng'oa mashina kumi, majani kijani kabisa, sina wasiwasi. Kupasua kiazi cha kwanza: madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Cha pili vivyo hivyo. Mashina saba nimetupa, hata mbuzi hawakuyataka. Ni ile michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi vya muhogo. Sasa mpwa wangu wa chuo aniambia kuna dawa ya nano ya kupulizia, yakinga mmea na virusi. Ikifika huku tuipokee au tuikatae? Tujadili kwa adabu.

Chuma Chakavu
Adabu tutajaribu. Jana GMO, ile mimea iliyobadilishwa jeni, leo nano. Marufuku ya GMO ya 2012 hapa Kenya wakaiondoa Oktoba 2022, watu wakakimbilia kortini, sasa naona wamebadilisha jina tu. Mie si panya wa maabara.

Doki Mimea
Kaka, si GMO. Jeni za muhogo haziguswi. Wanachukua RNA, yaani maelekezo ya kijeni, inayofanana na kipande cha kirusi, wanaibandika kwenye chembe za udongo wa magnesiamu na alumini, ndogo hata jicho haliwezi kuziona (ndiyo hiyo nano), wanapuliza majani. Mmea ukiipata, kirusi halisi kikija wajua cha kukatakata. Udongo wamumunyuka polepole kwa unyevu na hewa ya kaboni, RNA yatoka kidogokidogo. Ukipuliza RNA tupu haidumu. Ni Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliitangaza 2017. Waiita BioClay.

Nyali Boy
Nilisoma hiyo. Unapuliza mara moja, kinga mwezi mzima.

Doki Mimea
Siku 20. Na walijaribu kwenye tumbaku, si muhogo.

Chuma Chakavu
Tumbaku! Basi tuchemshe sigara kwa nazi, tufuturu.

Shangazi wa Mtwapa
Doki mwanangu, nisaidie hesabu. Muhogo wakaa ardhini mwaka, na zaidi. Kila siku 20 nipulize, hizo ni mara kumi na nane, na pampu yenyewe naazima. Halafu hawa nzi weupe waletao kirusi si mlango wa pekee. Ugonjwa waja na pingili. Twakata vijiti kwa jirani, twapanda, kirusi kimo ndani tangu siku ya kwanza. Hapo dawa ya kukinga yakinga nini?

Doki Mimea
@Chuma Chakavu mzaha wa sigara hauchekeshi. Tumbaku hutumika maabara kwa sababu huambukizwa virusi vingi kwa urahisi. Mtu asome kwanza ndipo acheke.

Chuma Chakavu
Nimesoma, daktari. Nimesoma kwamba michirizi iliandikwa Amani, Tanganyika, 1936. Mkoloni kaja, kaandika, kaenda zake, na wewe bado uko kwenye tumbaku.

Nyali Boy
Shida yetu ndiyo hii, kila kipya twakipinga. Ndio maana mtu wa Mombasa kazi yake kukaa Lighthouse pale ufukweni na dafu na kachiri za muhogo, muhogo umelimwa na wengine.

Mzee wa Kisauni
We kijana! Wamwambia nani? Mimi nimeshika jembe babako hajaoa.

Chuma Chakavu
Nyali Boy jembe alionalo ni la picha.

Mama Kachiri
Nilikuwa nasoma kimya, lakini Lighthouse imetajwa. Mie ndiye nikaangaye hizo kachiri. Nikienda soko la Kongowea navunja ncha ya kila kiazi, nikiona doa narudisha, na muuzaji ananitukana mbele za watu. Lile doa likipita, kwenye mafuta lageuka jeusi na kachiri yawa chungu. Gunia nalilipia zima, nakaanga nusu. Sasa wewe wa Nyali, nani hapa hafanyi kazi?

Nyali Boy
Samahani Mama, sikukusudia wewe. Ila kachiri za siku hizi pilipili ni nyingi mno, labda ndiyo yaficha hayo madoa.

Mama Kachiri
Usinunue kwangu. Wallahi usinunue.

Bin Jomvu
Ugomvi wa nini? Pandeni mbegu za muhogo za Tajirika au Shibe zilizotoka kituo cha utafiti Mtwapa, zahimili ugonjwa kuliko hizi zetu.

Mzee wa Kisauni
Zahimili, lakini nani azila? Muhogo wetu wa asili, Kibandameno, ukiuchemsha wafunguka wenyewe kama mkate, nazi yaingia mpaka ndani.

Mama Kachiri
Kwa kachiri Tajirika haina neno. Wanaolalamika ni wanaume wanaopikiwa.

Shangazi wa Mtwapa
Naona swali langu la pingili limepita kama basi la usiku.

Doki Mimea
Shangazi, nitalijibu, ngoja nimalizane na Chuma.

Chuma Chakavu
Huwezi.

Bin Jomvu
Mzee, kama moyo wako uko kwa Kibandameno, achana na dawa za Australia. Masika haya hapa. Nina pingili shambani kwangu, nitakukatia hata mafungu kumi. Nimeyakagua majani mwenyewe, kijani kabisa, hayana hata doa.

Mzee wa Kisauni
Alhamdulillahi. Fungu bei gani?