Chuo kilisema "jitungie fani yako", sasa fani yangu haina mwenyewe

Assalam aleikum wakuu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nasoma Marekani, mwaka wa nne, chuo sitakitaja. Nilichokuja nacho kichwani ni mwani. Mama yangu analima mwani Jambiani, na tangu kilimo hicho kianze kibiashara mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanaoingia majini wengi ni wanawake. Ule mwani wa bei nzuri unakufa maji yakipata joto, unaobaki ni wa bei ya kutupa. Sasa hilo ni tatizo la kemia, la uchumi au la wanawake? Ni yote, na hakuna idara inayofundisha yote. Kwa hiyo mwaka wa pili walipotuambia mwanafunzi anaweza kujitungia fani, niliona nimepata.

Nilifanya kazi jamani! Andiko la kurasa 12, mpango wa masomo muhula kwa muhula, sahihi za wahadhiri watatu wa idara tatu. Kamati ikapitisha. Wakanipiga na picha, wakaiweka kwenye kijitabu chao cha kuvutia waombaji.

Baada ya picha nikawa yatima. Mhadhiri wa kemia alihamia chuo kingine na hakuwekwa mtu badala yake, eti mimi si mwanafunzi wa idara yao. Somo la kemia ya maji, ambalo wao wenyewe walilipitisha kwenye mpango wangu, mfumo ukakataa kunisajili: ni la wanafunzi wa idara tu. Siku ya kwanza nilisimama mlango wa maabara na karatasi yangu yenye sahihi tatu. Nikahesabu viti sita vitupu. Nikarudishwa.

Hayo ningeyameza. Kilichoniliza ni cha wiki iliyopita. Huku kila fani ina namba yake kwenye orodha ya serikali, na sisi wa F-1, yaani viza ya wanafunzi wa kigeni, namba hiyo ndiyo maisha yetu. Ukihitimu unaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako miezi 12. Fani ikiwa kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, unaweza kuongezewa 24. Mimi zaidi ya nusu ya masomo yangu ni sayansi, lakini nimepewa namba ya masomo mchanganyiko, ambayo kwenye orodha hiyo haimo. Aliyeijaza ni karani, miaka miwili iliyopita, bila kuniuliza. Kamati wanasema si kazi yao. Msajili anasema nenda kamati. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni wananiambia ningeuliza mapema. Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?

Na asije mtu kuniambia wazo lenyewe ni bovu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, huku huku Marekani, walipigania kujipangia masomo mpaka likapitishwa 1969, na chuo cha Hampshire kilifungua milango 1970 kwa msingi huo huo. Chuo changu kinataka sifa hiyo bila kumwajiri hata mtu mmoja wa kutufuatilia.

Mnaokuja huku kujitungia fani: daini namba kwa maandishi kabla kamati haijasaini. Na kama kuna aliyewahi kubadilishiwa namba kabla ya kuhitimu, nakuomba uniambie ulianzia ofisi gani. Nimebakiwa na wiki tisa.