Kibaraza cha mbele: slabu ya zege, kuendeleza bati au pagola? Naombeni ushauri

Mwenye Funguo
Wakuu, habari za wakati huu. Nyumba yangu haina kibaraza. Ukifungua mlango wa mbele unakanyaga ngazi mbili za simenti, ya tatu ni uwanja. Mvua ikinyesha mgeni anabisha hodi huku analowa, na mlango wenyewe ni wa mbao, umeshaanza kuvimba chini. Nimeita mafundi watatu, nimepata majibu matatu. Wa kwanza anataka slabu ya zege juu ya nguzo mbili, anasema baadaye nitaifanya roshani. Wa pili anasema tuendeleze bati lililopo, basi. Wa tatu anataka pagola, yaani fremu ya mabomba ya chuma, juu polikaboneti (shiti za plastiki ngumu zinazopitisha mwanga). Kila mmoja anamponda mwenzake. Ipi bora? Nataka kuanza kabla ya mwezi kwisha.

Zege Ni Zege
Slabu. Mada ifungwe.

Mchora Ramani
Mkuu, umetaja paa tatu lakini nyumba yenyewe hujaieleza. Mlango unaangalia upande gani? Ukingo wa bati uko juu kiasi gani kutoka kichwa cha fremu? Bati lina mteremko wa nyuzi ngapi? Sakafu ya ndani iko juu ya uwanja kwa sentimita ngapi? Kutoka ukutani hadi mpaka wa kiwanja ni mita ngapi, na chini ya hapo pana nini: bomba, chemba, waya? Kibaraza chenyewe ni cha kupita tu au cha kukaa? Na weka picha.

Mama Vyungu
Na nani anaishi humo? Kama kuna mzee au mtoto mdogo ushauri unabadilika wote.

Mwenye Funguo
Asanteni. Mlango unaangalia magharibi. Ukingo wa bati uko kama sentimita 30 juu ya fremu, mteremko fundi amesema nyuzi 15. Sakafu iko juu ya uwanja kama sentimita 32. Nataka kina cha mita 2 na upana wa mita 3, nikae jioni. Picha nitaweka nikipata mtandao mzuri.

Fundi Mstaafu
Hapo sasa tunaweza kuongea. Chukua kalamu. Fremu ya kawaida ni mita 2.1, ongeza hizo 30, ukingo wa bati uko mita 2.4 kutoka usawa wa sakafu ya ndani. Ukiliendeleza bati kwa mteremko uleule wa nyuzi 15 hadi mita 2 mbele, linashuka sentimita 54. Ukingo mpya utakuwa mita 1.86. Mgeni mrefu atainama kama anaingia bandani. Huyo fundi wa pili hakupima, alitazama tu.

Ila bati halijakufa. Unalivunja mgongo pale ukingoni na kulilaza hadi nyuzi 5. Linashuka sentimita 17 au 18 tu, unabaki na mita 2.2 na kidogo. Shida ya nyuzi 5 ni kwamba maji yanatembea polepole na upepo unayarudisha nyuma, kwa hiyo tumia bati refu lisilo na kiungo katikati, mlalio wa ubavuni (pale bati moja linapolalia jingine) uzibwe kwa gundi ya mpira, na gata uliweke siku hiyohiyo. Usiseme utaliweka baadaye. Maji ya paa zima la mbele yatapita hapo.

Zege Ni Zege
Unaona tabu zote hizo? Slabu haina nyuzi wala mlalio. Nondo, zege, umemaliza. Na roshani juu.

Mchora Ramani
Zege Ni Zege, hebu tupige hesabu yako pia. Zege lenye nondo ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 12 kwa mita 3 kwa 2 ni zaidi ya kilo 1,700, bado hujaweka plasta, marumaru wala watu wa roshani. Fundi amesema nguzo mbili. Nusu ya mzigo, ile ya nyuma, inakaa wapi? Ukutani. Ukuta huo ulijengwa ubebe bati, na chini yake hakuna msingi uliofikiriwa kwa hilo. Kama ni slabu, basi nguzo nne zenye misingi yake, na kati ya kibaraza na nyumba uachwe mwanya wa kama sentimita moja wenye kujazwa kitu kinachobonyea. Msingi mpya lazima utitie kidogo, wa zamani ulishatitia zamani. Ukiifunga pamoja, ufa ni suala la muda.

Na slabu haina mteremko? Slabu isiyo na mteremko ni bwawa.

Zege Ni Zege
Mteremko unawekwa kwenye plasta ya juu, kila mtu anajua. Yangu iko mwaka wa sita, haina hata ufa wa unywele.

Mama Vyungu
Nyie mnabishana juu, mimi shida yangu ilitoka chini. Ngoja niwaeleze, maana hakuna aliyegusa sakafu.

Fundi wetu alisifiwa na kila mtu. Paa alilifanya vizuri, nguzo nzuri, akamaliza na marumaru zile za kung'aa, unajiona uso. Tulipiga picha. Siku ya pili mtoto akaleta gololi kuchezea pale. Akaiweka katikati ya kibaraza, ikaanza kutembea yenyewe. Nikadhani upepo. Akairudisha, ikaondoka tena, taratibu, ikapita kiungo kwa kiungo hadi ikagonga mlango ikatulia. Tukaweka ya pili kwenye kona, nayo ikaenda mlangoni. Mume wangu akacheka, mimi sikucheka.

Mvua ya kwanza ya upepo, maji yakafuata njia ya gololi. Yaliingia chini ya mlango hadi sebuleni, zulia likabeba maji kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kulinyanyua. Fundi alipoitwa akasema sakafu iko sawa, mlango ndio uko chini. Kaleta pimamaji mwenyewe, kaiweka, povu la hewa likakimbilia upande wa nje, maana yake nje ndiko juu, bado anasema iko sawa! Dawa yake ikawa kuongeza kizingiti cha simenti. Kikawa cha kumkwaza kila anayeingia, shangazi yangu kaanguka juu yake akateguka mkono, na maji yakaanza kukaa nyuma ya kizingiti yakipanda ukutani. Plasta ikatoka malengelenge, fremu ikavimba, mlango ukawa unafungwa kwa bega. Mwisho tulibomoa sakafu yote. Fundi simu hapokei.

Kwa hiyo, mwenye mada, kabla ya kumlipa mtu malizio, beba gololi.

Fundi Mstaafu
Pole sana dada. Kanuni ni sentimita 2 za kushuka kwa kila mita 1 kwenda nje. Kibaraza cha mita 2, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 4 kuliko mlangoni. Na hapo mlangoni penyewe sakafu ya kibaraza iwe chini ya ya ndani kwa sentimita 5 au zaidi. Zile za kung'aa nje hapana kabisa. Dukani uliza marumaru zenye alama ya R11, zina mkwaruzo. Au simenti iliyopigwa ufagio, mimi naipenda kuliko zote, haichakai sura na haitelezi.

Kivuli Tupu
Simenti ya ufagio inashika uchafu, kuifuta ni kazi.

Fundi Mstaafu
Unaifuta ya nini? Imwagie maji.

Kivuli Tupu
Mbona hakuna anayemtetea fundi wa tatu? Pagola nyepesi, haigombani na msingi wa zamani, mwanga wa sebule unabaki. Mnasahau mtu amesema nyumba inaangalia magharibi. Jua la jioni halitoki juu, linatoka mbele. Likishuka hadi nyuzi 30, kipaa cha mita 2 kinakinga ukuta kwa mita 1.15 tu kutoka usawa wa ukingo wake kwenda chini. Hapo chini jua lote liko kwenye miguu yako na kwenye mlango. Iwe slabu, iwe bati, hakuna tofauti. Kinachotakiwa ni kizuizi cha wima: matofali ya matundu upande mmoja, mianzi ya kukunja, au mmea wa kutambaa kwenye waya. Pagola inakupa hayo yote kwa urahisi.

Mchora Ramani
Hoja ya jua ni ya kweli na nilikuwa naisubiri. Ila polikaboneti juu ya mtu anayekaa magharibi itampika saa nane. Achukue basi ile ya rangi ya maziwa.

Kivuli Tupu
Ndiyo, ya maziwa. Na upande wenye kinga ya jua utazame juu, huwa una karatasi yenye maandishi, mafundi wengi wanaichana kwanza halafu wanabahatisha. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu, kwa sababu shiti la mita 3 linaweza kurefuka milimita 8 kati ya baridi ya alfajiri na jua kali. Ukilibana, litalia kila asubuhi na jioni, kisha litapasuka pale kwenye skrubu.

Zege Ni Zege
Paa linalolia. Sawa.

Msomaji Kimya
Mimi huwa nasoma tu, leo niseme moja. Mama Vyungu aliuliza nani anaishi humo, hajajibiwa. Sentimita 32 kwa mwenye kiti cha magurudumu ni ukuta. Mteremko wa kiti ni 1 kwa 12, hivyo anahitaji njia ya karibu mita 3.9, na kibaraza cha mita 2 hakitoshi kuibeba kwa mbele, lazima ipite ubavuni. Ni rahisi kuipanga sasa kuliko baada ya nguzo kusimama.

Mwenye Funguo
Mama mkwe anakuja kuishi nasi, anatumia fimbo. Sikudhani inahusu kibaraza. Halafu nimekumbuka, kuna chemba ya maji taka mbele ya mlango, kama mita moja na nusu hivi kutoka ukutani. Fundi wa slabu alisema atamwaga jamvi (zege la sakafu) juu yake, haina shida.

Mchora Ramani
Haina shida! Swali la chemba liko kwenye jibu langu la kwanza kabisa, mkuu. Siku ikiziba utapasua sakafu na kinyesi kiko sebuleni. Ama ihamishwe, ama jamvi lizungushwe na mfuniko ubaki unafunguka, wenye fremu yake, upakwe marumaru hiyohiyo usionekane. Na nguzo isikae karibu nayo, maana udongo pale ulishachimbwa na kufukiwa.

Mama Vyungu
Kwa mwenye fimbo, ngazi zenu zipimeni pia. Kina cha kukanyaga sentimita 30, kimo 15 au 16, na zote ziwe sawa. Ngazi moja ikizidi mwenzake kwa sentimita 2, mguu wa mzee ndio utakaoigundua. Na kishikio pande zote mbili, fimbo inashika mkono mmoja.

Fundi Mstaafu
Hapo umenena. Mbili mara kimo jumlisha kina iwe kati ya 60 na 64. Ni hesabu ya Mfaransa Blondel, ya tangu karne ya 17, na bado inafanya kazi.

Zege Ni Zege
Tuongelee nguzo basi. Nashauri za duara, zenye taji juu. Nyumba inapata heshima.

Kivuli Tupu
Kibaraza chenye upana wa mita 3, nguzo za ikulu. Za mraba, nyembamba.

Zege Ni Zege
Nyembamba ni za kibanda cha kusubiria basi.

Mchora Ramani
Sura ni yako, ila uwiano upo: nguzo nene kwenye kibaraza chembamba zinakula nafasi ya kukaa. Ukiwa na mita 2 za kina na nguzo ya sentimita 40 ndani yake, unabaki na 1.6. Viti viwili na meza ndogo vinaanza kukosana na miguu ya anayepita ukishuka chini ya 1.8.

Msomaji Kimya
Roshani juu ya kibaraza pia ni ngazi ya mwizi kwenda dirishani. Nasema tu.

Zege Ni Zege
Mwizi anayepanda nguzo ya duara hajazaliwa.

Mwenye Funguo
Nimesoma yote. Slabu nimeanza kuiogopa, ila mke wangu ndiye anayetaka roshani, na akisoma huu uzi atauliza huyo Zege Ni Zege ni nani. Jumamosi napima upya pamoja na hiyo chemba. Nikibaki na bati la nyuzi 5, naweza kuweka dari ya mbao chini yake au itashusha kichwa?

Fundi Mstaafu
Ipigilie moja kwa moja kwenye mbao za kenchi, ifuate mteremko wake. Utapoteza sentimita 2 tu. Dari bapa usiweke, itashusha kichwa zaidi. Na acha matundu ya hewa, la sivyo jasho la bati litaozesha mbao.

Bi Taa
Samahani kuingilia. Mimi kibaraza ninacho, shida ni wadudu. Nikiwasha taa usiku, mlango ukifunguka wanaingia wote. Nibadilishe taa au niweke wavu?

Kivuli Tupu
Dada, fungua uzi wako.

Fundi Mstaafu
Mwache. Bi Taa, weka balbu ya njano, 2,700 hadi 3,000 kwenye ile namba yenye herufi K, na isikae juu ya mlango. Ipeleke kwenye nguzo ya mbali, iangaze kuelekea mlangoni. Hakikisha kasha lake lina alama ya IP44 (haliingizi maji ya kurukia) au zaidi. Wavu weka vilevile. Mlango wako unafungukia ndani au nje?

Bi Taa
Nje.

Fundi Mstaafu
Basi wavu wa kuvuta pembeni, siyo wa bawaba, utagongana na mlango. Upana wa uwazi ni kiasi gani?