Simu janja na matembezi ya viwanja vya burudani: tumesaidiwa au tumeongezewa kazi?

Mama wa Kikwajuni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba rai zenu juu ya jambo lililonikaa moyoni tokea turudi safari, na ambalo mume wangu kila nikilitaja hulichukulia mzaha.

Disemba iliyopita, skuli zilipofungwa, tulikwenda mimi, mume wangu na watoto wetu wawili kumtembelea kaka yangu anayeishi Florida, Marekani, naye akatuandalia siku tatu katika uwanja mmoja mkubwa wa burudani wa huko Orlando. Wiki sita kabla hatujapanda ndege alinitumia jedwali lenye rangi nne, likionyesha saa ya kuamka, lango la kuingilia, mchezo wa kwanza, wa pili na wa tatu, saa ya kuagiza chakula, na hata dakika walizotengewa watoto za kwenda msalani. Mwanzo nilicheka. Ilipobaki wiki moja tuondoke, nilijikuta nimekaa barazani saa tisa alasiri, ambayo kule ni saa moja ya asubuhi, simu mkononi na roho juu, nikingoja nafasi zifunguliwe ili niuwahi mchezo ambao sijapata hata kuuona kwa macho. Adhana ya Alasiri ilinikuta bado ninabonyeza.

Tulipofika hali haikubadilika. Kwa siku zote tatu mimi ndiye niliyekuwa mshika simu: ndani ya simu hiyo mlikuwa na tiketi, ramani, muda wa foleni za kila mchezo, chakula na nafasi tulizozilipia, kwa hiyo kila baada ya dakika chache ilinibidi nitazame kama kuna nafasi nyingine iliyopatikana. Mwanangu mdogo, ambaye ana miaka saba, alisimama pembeni mwa bwawa akawa anawatazama bata, anacheka peke yake, nami nikamvuta mkono kwa sababu zilikuwa zimesalia dakika kumi na moja tu nafasi yetu ipite. Bata! Kama vile tumesafiri nchi zote zile kwenda kuwatazama bata, nilimwambia. Nimerudi na picha zaidi ya mia nne, lakini watu wakiniuliza uwanja ulikuwaje, ninachokikumbuka vizuri ni kiasi cha chaji kilichokuwa kimebaki.

Suala langu ni hili: je, mambo yalikuwa hivi tangu zamani, au simu ndiyo iliyoyafikisha hapa, au kaka yangu ndiye aliyepindukia mpaka? Nauliza kwa kuwa mume wangu sasa anataka twende Abu Dhabi, na ameshaanza kuuliza nani atakayetengeneza jedwali.

Mpangaji wa Mtoni

Wa alaykum salaam, Bibie. Nimefanya kazi ya kuwapangia watu safari kwa miaka mingi hapa Unguja, na familia zinazokwenda huko huniletea malalamiko yanayofanana na yako. Uwanja wenyewe hukuutaja, wala si lazima. Nitaeleza kwa mfano wa viwanja vya Disney vya Florida, kwa kuwa historia yake ndiyo ninayoifahamu na ndiyo iliyoigwa na wengi.

Viwanja hivyo vilifunguliwa mwaka 1971, na kwa takriban miaka ishirini na minane ya mwanzo aliyetaka mchezo alisimama kwenye foleni, basi. Mwaka 1999 wakaleta utaratibu walioupa jina la FastPass: ulikwenda mwenyewe kwenye mashine iliyokuwa mbele ya mchezo, ukaingiza tiketi yako, ikakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi na kupita njia ya haraka, pembeni mwa foleni ya kawaida. Haukuwa na malipo. Kazi yake ilikuwa ya miguu, kwani aliyewahi kufika ndiye aliyepata, na huko nyumbani kwako, wiki kadhaa kabla ya safari, hapakuwa na lolote la kufanya zaidi ya kufunga mizigo.

Mageuzi makubwa yalikuja pale simu janja zilipoenea. Kuanzia mwaka 2013 walianza kuwapa wageni bangili za kielektroniki zilizokuwa tiketi, ufunguo wa chumba na njia ya kulipia, na vikaratasi vikageuka nafasi za kuwekwa kwa simu au kompyuta. Aliyelala katika hoteli zao aliweza kuchagua michezo mitatu siku 60 kabla, na asiyelala humo siku 30 kabla. Kwangu mimi, hapo ndipo lilipozaliwa jedwali la kaka yako. Mtu akiambiwa kwamba mchezo wa Jumanne fulani huchukuliwa miezi miwili kabla, hana budi kujua tangu sasa kwamba Jumanne hiyo atakuwa uwanja gani, atakula wapi, na mtoto atakuwa na usingizi saa ngapi.

Kisha ukaja mwaka 2020, viwanja vikafungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na vilipofunguliwa tena Julai mwaka huo hata siku ya kuingia ilibidi iwekwe kabla. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, njia ya haraka ikarudi ikiwa ya kulipia, ikianzia dola 15 kwa mtu kwa siku. Julai 2024 utaratibu huo nao ukabadilishwa: sasa anayelala katika hoteli zao hununua na kuchagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla, na bei hupanda na kushuka kwa tarehe na kwa uwanja. Saa ya kufunguliwa ni moja asubuhi ya Florida, ambayo kwetu huwa saa tisa alasiri wakati wa baridi yao na saa nane mchana wakati wa joto.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulielewe, kwa sababu watu hudhani njia ya haraka huiondoa foleni. Haiiondoi. Chukulia mchezo unaoweza kubeba watu 1,000 kwa saa, na mbele yako katika foleni ya kawaida wamo watu 600. Wote wakiwa kwenye foleni moja, utangoja dakika 36. Lakini ikiwa viti 700 vya kila saa wamewekewa walionunua, foleni ya kawaida inabakiwa na viti 300, na watu wale wale 600 watahitaji saa mbili kwisha. Viti havikuongezeka hata kimoja, ila kusubiri kumetolewa kwa mmoja akapewa mwengine. Asiyenunua hungoja kwa miguu, na aliyenunua hungoja kwa macho, kwenye kioo cha simu, tangu akiwa barazani kwake Kikwajuni.

Kwa hiyo kaka yako hakuwazulia, ila amezidisha katika zile dakika za msalani. Ninaowapangia mimi huwaambia wachague michezo miwili kwa siku ambayo watoto wataililia wakiikosa, waiwekee nafasi hiyo tu, wafike langoni kabla halijafunguliwa kwa sababu saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi, na baada ya hapo watembee wanavyojaaliwa. Wiki ya baina ya Krismasi na mwaka mpya waikimbie kabisa, hata kama skuli za kwetu zimefungwa, maana hapo jedwali halimsaidii mtu.

Ama kuhusu Abu Dhabi, usiogope. Viwanja vya Kisiwa cha Yas, Ferrari World cha mwaka 2010 na Warner Bros. World cha mwaka 2018, viko chini ya paa, na ingawa njia ya haraka huuzwa huko pia, mtu huweza kuinunua siku hiyo hiyo akiona foleni zimemshinda.

Mzee wa Shangani

Wanangu, nimesoma nikatabasamu. Mimi nilikuwa mwanafunzi California mwaka 1979, na wenzangu wa bweni walinichukua siku moja kwenda Disneyland ya Anaheim, ile ya mwanzo kabisa, iliyofunguliwa Julai 1955. Siku hizo hukununua siku nzima kama sasa. Ulinunua kijitabu cha tiketi zenye herufi, kuanzia A mpaka E. Tiketi ya A ilikupandisha vitu vya watoto wadogo, na ya E ndiyo iliyokuwa ya michezo mikubwa, kama ile treni ya gizani inayoitwa Space Mountain, ambayo wakati huo ilikuwa na miaka miwili tu. Vijitabu hivyo viliondolewa mwaka 1982, ikawa ukilipa mlangoni umemaliza.

Nakuhadithieni haya kwa sababu mpango ulikuwapo hata wakati ule, ila ulikuwa umeandikwa juu ya karatasi na ulionekana na kila mtu. Tulikaa vijana watano kwenye benchi, vijitabu vyetu mapajani, tukabishana: nani anipe E yake nami nimpe C mbili? Ulikuwa ni mnada wa kuchekesha, na mabishano yale ndiyo ninayoyakumbuka kuliko michezo yenyewe. Tiketi za A hazikutumika, na nilirudi nazo Unguja, zikakaa ndani ya mtoto wa meza mpaka mchwa wakazipata.

Nilichokiona katika maelezo ya Bibie ni kwamba ramani sasa iko mkononi mwa mtu mmoja. Wengine humfuata nyuma bila ya kujua wanakwenda wapi wala kwa nini wanakimbizwa. Sisi tulipotea njia sote watano pamoja.

Na hapa kwetu, watoto wa sikukuu wanaokwenda Mnazi Mmoja au kwenye mabembea ya Kariakoo, nani aliyewawekea nafasi? Tarehe yenyewe ya Idi hatuijui mpaka tutangaziwe kwamba mwezi umeandama. Mtoto hulala na nguo mpya kitandani bila ya hakika kwamba kesho ni sikukuu, na akiamka ikawa ndiyo, hupewa mkono wa Idi na kutoka. Foleni ya bembea ipo, na vurugu na kusukumana kupo pia, sitaki kupamba. Lakini mtoto ndiye anayeshika pesa yake, na yeye ndiye anayeamua kama ataitumia kwenye bembea au kwenye ubuyu.

Mpemba wa Muscat

Kwa heshima zote, Mzee wangu, nakhitilafiana nawe kidogo. Wewe ulikuwa unaishi California, na lau ungekosa mchezo ungerudi mwezi unaofuata. Mimi nilitoka Wete kwa boti mpaka Unguja, kisha ndege mpaka Muscat kwa ndugu yangu, kisha ndege nyingine mbili ndipo nikafika Orlando, pamoja na mama yangu anayetembelea gari la magurudumu. Pesa za safari ile tuliziweka miaka minne. Mtu wa namna hiyo akifika langoni akaambiwa kwamba mchezo mmoja umeharibika na mwingine foleni yake ni saa tatu, hawezi kusema tutakuja tena. Jirani wa uwanja ana haki ya kutopanga, lakini sisi tunaotoka mbali kupanga kwetu ni kuilinda amana.

Simu ilimsaidia sana mama. Niliweza kuagiza chakula tukiwa tumekaa kivulini, nikaambiwa kiko tayari ndipo nikaenda kukichukua, wala hakusimama popote. Niliona pia kwenye ramani vyoo vya walemavu viko upande gani. Zamani mambo kama haya waliyajua wenyeji na watu waliokwishakwenda mara kumi, na mgeni alikuwa anaokota makombo. Sasa mgeni anayejua kusoma simu yuko sawa na mwenyeji.

Hata hivyo kuna jambo moja sikulipenda, na bado ninalifikiria. Programu zote zilikuwa kwa Kiingereza, na ndani ya familia yetu anayekisoma haraka kuliko sote ni binti yangu wa miaka kumi na minne. Basi yeye ndiye aliyekuwa amiri wa safari. Bibi yake alimwomba ruhusa ya kupumzika. Nilipomsikia mama akisema, "Mwanangu, naomba tukae kidogo kama hiyo simu itaturuhusu," niliichukua simu nikaitia mfukoni mwangu mpaka Magharibi. Tulipoteza nafasi mbili tulizozilipia. Binti alinuna, kisha akaenda kumsukuma bibi yake wakanunua barafu.

Mama wa Kikwajuni

Nashukuru nyote. Hesabu ya Mpangaji nimemsomea mume wangu akanyamaza kidogo, jambo ambalo si la kawaida. Hoja ya Mpemba nimeikubali pia, kwani nilikuwa nimejiandaa kulaumu simu peke yake, na kumbe bila ya simu ile huenda watoto wasingepanda hata nusu ya walivyopanda.

Tumekubaliana hivi kwa Abu Dhabi: kila mtoto atachagua mchezo mmoja kwa siku, na huo utawekewa nafasi. Ramani tutaichukua ya karatasi kama ipo, na kama haipo tutaichapisha hapa mjini, nayo itashikwa na mdogo. Simu itakaa kwa mume wangu. Aliyetaka jedwali ni yeye, basi na alibebe.

Kaka yangu naye anakuja Unguja na wanawe mwakani, panapo majaaliwa, na anataka wafike sikukuu ya Idi ili awaonyeshe Mnazi Mmoja alikochezea yeye. Juzi aliniuliza tarehe kamili ili akate tiketi na aanze kupanga. Nilimwambia akate kwa kukisia na aongeze siku mbili kila upande, maana mwezi haujaandama. Amenijibu akiuliza kama kuna programu inayotoa taarifa mapema.