Naomba ushauri: chombo cha maua cha Mashiko kisicho na sahihi

Ndugu zangu, salaam. Nimeachiwa chombo cha maua cha udongo wa kuchoma kutoka Mashiko, Japani, ambacho marehemu mwalimu wangu wa Kijapani aliamini kuwa kilifinyangwa na Hamada Shoji, mfinyanzi aliyetangazwa Hazina Hai ya Taifa (heshima ambayo serikali ya Japani huwapa mafundi bingwa) mwaka 1955. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu, ile itokanayo na jiwe la huko huko Mashiko linalosagwa na kupakwa kabla ya kuchoma, na ubavuni kuna mchoro wa brashi uliopigwa haraka, bila kusitasita.

Kitako hakina sahihi wala muhuri. Hilo pekee halinitishi, kwa kuwa Hamada, baada ya kurejea kutoka Uingereza, aliacha kutia alama kwenye vyombo vyake, akawa anaandika jina lake kwenye sanduku la mbao la kuhifadhia chombo tu. Sanduku ninalo, lakini chombo kinachezacheza ndani yake (na masanduku, kama mjuavyo, huhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine), hivyo nina shaka kama kweli sanduku hilo ni la chombo hiki.

Je, nianzie kwa msomaji wa maandishi ya sanduku, au kwa mjuzi wa ufinyanzi wenyewe? Na je, kukipangusa kwa kitambaa chenye maji kutakidhuru?