Tupeane uzoefu: godoro la upepo likitoboka, uliziba likakaa au ulinunua jingine?

Kaka wa Chuno (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina godoro la upepo la watu wawili, lile la plastiki lenye manyoya laini juu, shemeji aliniletea kutoka Dar. Wikiendi iliyopita tulilala ufukweni Msimbati, huku Mtwara, na watoto, hema chini ya mvinje. Saa nne usiku tuko juu tunaelea. Saa tisa nyonga yangu inagusa mchanga, na kwa kuwa mimi mzito nimechimba bonde, mama watoto kabingirikia humo humo na lawama zake.

Asubuhi nikaligeuza: kitunda cha mvinje, vile vidogo vyenye meno, kimeng'ang'ania chini. Nikajua mwizi nimemkamata. Jumatatu nikampelekea fundi pancha. Msasa, solusheni, kiraka, nyundo mbili tatu, buku mbili yake. Usiku wa pili kiraka kimebanduka kizima kizima, kama ganda la korosho iliyokaangwa.

Nani kaziba likakaa? Maana mkeka wa ukindu wa bibi una miaka kibao na haujawahi kuniomba pampu.

Mzee wa Mikindani
Mdogo wangu, usimlaumu fundi. Solusheni ya tyubu ni ya mpira, na godoro lako si mpira, ni plastiki iitwayo PVC. Vitu viwili hivyo havijuani. Yale magodoro ya zamani ya turubai lililopakwa mpira ndiyo yalikuwa yanakubali kiraka cha baiskeli, na hapo ndipo wengi tulipojifunzia vibaya.

Langu nilitoboa kwa ndoano, kosa langu mwenyewe, niliweka mshipi ndani ya hema. Nilifanya hivi. Kwanza nililijaza hadi likawa gumu. Nikalowesha shavu kwa maji nikalipitisha taratibu juu ya godoro, kwa sababu shavu lililolowa linahisi upepo ambao sikio halisikii. Palipopoa nikapaka povu la sabuni na sponji. Likaota povu dogo, linakua, linapasuka, linaota tena. Nikachora duara kwa kalamu ya wino palepale kabla halijakauka, maana ukitoa upepo kitundu hukioni tena hata uvae miwani ya babu yako.

Kisha nikatoa upepo wote. Nikafuta kwa spiriti. Gundi iwe ya PVC laini, ile ya kuzibia maboya ya kuogelea. Usichukue ya mabomba: ina dawa kali, kwenye plastiki nyembamba inaweza kuyeyusha ukabaki na tundu la kupitisha kidole. Kiraka kata mviringo, chenye pembe huanza kubanduka kwenye pembe. Weka kitu kizito juu, acha siku nzima. Siku nzima, si saa mbili.

Na kama tundu liko upande wenye manyoya, yakwangue kwanza mpaka uione plastiki. Gundi ikishika manyoya imeshika manyoya tu.

Mlinda Korosho
Mimi nalala shambani Tandahimba msimu wa korosho, godoro ndiyo ofisi yangu. Niliziba kwa supa gluu. Kwa mkono ukigusa, gumu kama jiwe, nikafurahi. Nilipogeuka tu usiku, kra! Ile gundi ikikauka haikunjiki, godoro linakunjika. Tundu likawa mpasuko. Saizi nalalia magunia, na sijaona tofauti kubwa.

Binti Newala
Nyie wengine halijatoboka hata! Huku kwetu mlimani mwezi wa sita baridi ikishuka, upepo wa ndani unasinyaa, asubuhi unalikuta limelegea. Nililipaka sabuni godoro zima mara mbili kabla sijaelewa. Ongeza pumzi kidogo kabla ya kulala, basi. Halafu likiwa jipya linanyooka siku za mwanzo, usianze kugombana na muuzaji.

Ng'ambo ya Lindi
Langu nililiacha limejaa ndani ya gari, juani, mchana kutwa. Jioni nakuta katikati limeota nundu kama ya ng'ombe. Zile kuta za ndani zinazoshikilia juu na chini zilikuwa zimeachia. Hapo hakuna fundi, kwa sababu tatizo liko tumboni na upepo wala hautoki. Nikalikata. Mpaka leo ndilo ghala langu la viraka, plastiki ile ile, nimezibia la jirani na boya la mtoto. Mleta mada ukifika Lindi nitakupa kipande.

Mtoto wa Shangani
Aprili 2019, Kimbunga Kenneth, tulipoambiwa watu wa mabondeni tuhame. Tukalala darasani. Mimi mjanja nikaja na godoro la upepo, watu wote wananitazama. Mguu wa dawati ulikuwa na msumari. Kimbunga kikaenda kutua Msumbiji, mimi nikatua sakafuni.

Kaka wa Chuno (mleta mada)
Nimerudi. Jana nimefuata maelezo ya Mzee wa Mikindani, shavu na sabuni. Pale pa mvinje kweli panavuja. Lakini povu kubwa kuliko lote limeota kwenye kizibo! Nimekifungua, kwenye raba kuna punje za mchanga wa Msimbati, nne kwa hesabu. Nimeosha, nimefunga, nimepaka povu tena: kimya.

Kwa hiyo hata fundi angeziba kwa dhahabu lingeishiwa tu. Gundi nimeipata ndani ya boksi la godoro lenyewe, na kiraka chake, nilikuwa sijawahi kufungua kile kifuko. Sasa hivi limetandazwa sebuleni, juu ya kiraka nimepanga kinu na mchi. Mama watoto anauliza kisamvu atatwanga wapi.

@Ng'ambo ya Lindi, kile kipande nitunzie.