Paka wangu anakifuata chakula kisha anakikimbia, amebaki mifupa. Naombeni ushauri

BintiChumbageni:
Wakuu, habari zenu. Niko Tanga, nina paka dume anaitwa Mchele, umri wake kama miaka sita, alihasiwa mapema. Nilimlea mwenyewe kwa maziwa ya kopo kuanzia hajafumbua macho, kwa hiyo kwangu huyu ni mtu wa nyumbani. Tangu mwezi uliopita hali yake imeninyima raha.

Zamani sufuria ya samaki ikifunuliwa tu, yeye wa kwanza miguuni. Hata sasa anakuja. Ananusa sahani, analamba mchuzi, lakini akitafuna tu anaruka nyuma kama kachomwa na kitu, anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele, halafu anakwenda kujilaza chini ya kabati. Baada ya muda anarudi, mambo yaleyale. Kuna siku hali kabisa.

Mengine niliyoyaona ni haya: udenda unamtoka upande mmoja na unanuka. Manyoya ya mgongoni yamefanya mafundo kwa sababu hajilambi tena, na alikuwa msafi kuliko paka wote wa mtaa. Choo anapata kidogo, kikavu. Mara mojamoja anatapika povu la njano. Maji anakunywa kama kawaida, na mkojo upo. Nimempima kwa mizani ya nyumbani, napanda naye, kisha napanda peke yangu na kutoa. Mwaka jana alikuwa kilo 4.6, sasa ni 3.5. Nikimpapasa mgongo nazihisi pingili zote.

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani, akampa dawa ya minyoo na sindano mbili, akasema ni minyoo na homa. Mchele akachangamka, akala, tukashukuru. Haikupita muda akarudi kulekule. Sindano zikarudiwa, na matokeo yakawa yaleyale. Majirani wananiambia nimwache ajifie, paka wamejaa mtaani. Siwezi. Mwenye uzoefu anisaidie, nianzie wapi?

MgosiKorogwe:
Pole sana dada. Hiyo ni homa imejificha. Saga robo ya Panadol changanya na maziwa mnyweshe asubuhi na jioni, homa ikishuka hamu ya kula inarudi. Mtoto anatibiwa hivyohivyo.

DaktariWaMifugoMoro:
Dada, kabla ya lolote: USIMPE PANADOL. Mgosi, najua umesema kwa nia njema, lakini ini la paka haliwezi kuiondoa paracetamol mwilini kama la mtu. Inaharibu damu, chembe nyekundu zinashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, mnyama anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diclofenac na ibuprofen nazo weka mbali naye. Kama kuna aliyekwishampa, akimbizwe kwa daktari saa hiyohiyo, maana dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na inafanya kazi ikiwahiwa.

Sasa tuje kwa Mchele. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki. Watu husema "paka hali", lakini yapo mambo matatu yanayofanana kwa nje. Kuna paka asiyetaka chakula kabisa, hata hageuki ukikitaja. Kuna mwenye kichefuchefu: anakuja, ananusa, anajilamba midomo na kumeza mate, anageuza uso kabla hajagusa. Na kuna anayetaka kula lakini kula kunamuuma. Wako anakuja kwa hiari, anatafuna, ndipo anaruka. Ukiongeza udenda wenye harufu upande mmoja na kuacha kujilamba, mimi naanzia mdomoni. Hajilambi kwa sababu ulimi na fizi vinamuuma, uvivu haumo hapo.

Je, daktari aliyekuja alimfungua mdomo? Na je, unajua sindano zilikuwa za nini?

BintiChumbageni:
Ahsante sana daktari. Hakumfungua mdomo, alimpima joto na kumshika tumbo. Sindano moja alisema ya bakteria, nyingine "ya kumpa nguvu". Majina sikuandikiwa.

BiMkubwaUnguja:
Mwanangu, pole. Mimi nimefuga paka tangu ujana wangu, na huyu wa mwisho alikonda vivyo hivyo, mdomo ukanuka, nikashikilia kuwa ni meno. Kumbe figo. Yeye lakini alikuwa akinywa maji mpaka nikashangaa, na mchanga wake wa choo ukawa chepechepe kila asubuhi. Damu ndiyo iliyosema. Mpime damu mwanangu, usitosheke na kuangalia kwa macho.

DaktariWaMifugoMoro:
Bi Mkubwa amesema kweli. Figo zikichoka, mdomo hunuka na hata kutoka vidonda, kwa hiyo damu lazima ipimwe, hasa kwa kuwa huenda Mchele akahitaji nusu kaputi.

Leo fanya hivi. Mkalishe penye mwanga wa dirisha, mtu mwingine amshike mabega taratibu. Usimlazimishe kupanua mdomo, na usiingize kidole. Inua mdomo wa juu kwa pembeni, tazama fizi juu ya magego. Akipiga mwayo, chungulia nyuma kabisa, pale taya la juu na la chini yanapokutana. Fizi yenye afya ni ya waridi. Ikiwa ni nyekundu kama nyama mbichi, imevimba, inatoka damu kwa kuguswa, au imepanda juu ya jino, umepata pa kuanzia. Tazama pia kama fizi ni nyeupe (damu imepungua) au njano.

Njano ndiyo ninayoiogopa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyekuwa mnene, mwili hukimbizia mafuta kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyatumia, nalo linaziba. Hapo anaweza kufa kwa njaa ya siku chache, wakati mbwa angevumilia. Ukiona njano masikioni au kwenye weupe wa macho, usingoje kesho.

Hizo sindano, mpigie daktari umuulize majina. Nina sababu. Nafuu inayokuja haraka na kuondoka haraka mara nyingi ni ya dawa ya kupunguza uvimbe ya jamii ya steroidi. Si kosa kuitumia, ila daktari atakayefuata akimpa dawa nyingine ya maumivu bila kujua, tumbo na figo za paka zinaweza kuumia vibaya.

MwanaMvita:
Dadangu, hapa Mombasa yangu alikuwa na shida iyo iyo. Huku ukingoja daktari, mpikie samaki asiye miiba au kuku, uponde mpaka uwe uji, uchanganye na maji yale ya kuchemshia. Umpe ukiwa na uvuguvugu, yaani joto la mwili wake, ndipo harufu itoke. Paka hula kwa pua kwanza. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Lakini hiyo supu isiwe ya jikoni iliyotiwa vitunguu, kitunguu maji wala saumu, maana vyamharibu damu. Na umuepushe na mbichi.

BintiChumbageni:
Nimechungulia. Jamani. Nyuma ya mdomo, pande zote mbili, ni nyekundu tupu, kumevimba mpaka kumekuwa na vinundu. Upande wa udenda, gego moja fizi imelipanda na pana kama tundu kwenye jino. Nilipoinua mdomo alinguruma, na hajawahi kuningurumia maisha yake yote. Njano sijaiona. Uji wa samaki ameulamba karibu wote, bila kutafuna. Nimelia.

MgosiKorogwe:
Dada, bora hujaisaga ile dawa. Daktari nashukuru, hilo sikulijua, na nyumbani nina paka watatu.

Kimya_Kingi:
Nafuatilia uzi huu, wangu ana udenda vilevile.

DaktariWaMifugoMoro:
Dada, amekula, hilo ni kubwa. Endelea na uji. Akikataa, unaweza kutumia bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, kidogo mno kila mara, kichwa kikiwa sawa, kisielekezwe juu. Ila akianza kujificha akikuona na bomba, acha. Paka hukichukia chakula alicholazimishwa akiwa anaumwa, na chuki hiyo hubaki hata akipona.

Unayoeleza yanaelekea kwenye uvimbe sugu wa fizi na mdomo, pamoja na jino linalolika. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inaushambulia mdomo kwa hasira kubwa kuliko uchafu uliopo kwenye meno unavyostahili. Ndiyo maana antibiotiki peke yake hupoza kidogo tu, kisha moto unarudi. Tafuta daktari mwenye mazoea na wanyama wadogo, achukue damu kwa ajili ya figo, ini na wingi wa damu, na kile kipimo cha haraka cha virusi viwili vya paka, FIV (vya kushusha kinga) na FeLV (vya saratani ya damu). Ni tone la damu tu.

BintiChumbageni:
Ndugu zangu, narudi na majibu. Figo na ini ziko salama. FeLV hana. FIV anayo. Daktari huyu mpya amempa dawa ya maumivu ya paka hasa, kwa kipimo cha uzito wake, na amesema meno ya nyuma yote yang'olewe. Ametuelekeza hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Shangazi yangu aliposikia "virusi vya kushusha kinga" akasema watoto waondolewe nyumbani. Na mimi nawaza, paka bila magego ataishije?

DaktariWaMifugoMoro:
Mwambie shangazi kwa heshima zote: FIV ni ya paka peke yao. Haimpati mtu, mbwa wala kuku. Husambaa zaidi kwa kuumana, na madume wanaozurura usiku ndio huipata zaidi. Wengi huishi nayo miaka. Mweke ndani, kwa ajili yake na kwa ajili ya paka wa jirani.

Kung'oa ni ushauri sahihi. Paka wengi hupata nafuu kubwa, baadhi huendelea kuhitaji dawa, siwezi kukuahidi Mchele atakuwa upande gani. Kula atakula. Magego ya paka ni ya kukatia nyama, hayasagi kama yetu, na ukimwandalia chakula laini anameza bila shida. Hayo meno aliyonayo sasa ndiyo yanayomnyima chakula.

MwanaMvita:
Na safari je? Tanga hadi Morogoro si karibu.

BintiChumbageni:
Basi la alfajiri, tunapita Segera na Chalinze. Nimenunua tenga la kubebea kuku, nimelitandika kanga yangu ya zamani aliyoizoea, na nimelifunga kwa kamba pande mbili. Kondakta nimeshaongea naye. Daktari, nimpe chakula usiku huo? Na baada ya kung'olewa?

DaktariWaMifugoMoro:
Muda wa kufunga kabla ya nusu kaputi watakupangia wao kwa simu, ufuate wa kwao. Paka aliyekonda hivi hafungishwi muda mrefu, kwa hiyo waambie uzito wake na wa mwaka jana. Beba karatasi ya vipimo na majina ya dawa zote, zikiwemo zile sindano za mwanzo. Kwenye tenga tia kitambaa cha akiba, na lifunike kiasi, hewa ipite.

Baada ya hapo ni uji uleule wa MwanaMvita mpaka mshono ushike, wiki mbili hivi, na dawa ya maumivu usiikatishe hata akionekana mzima, kwa sababu paka huficha maumivu. Mpime uzito kila wiki kwa njia yako ile ya mizani. Siku moja ya kwanza kula kidogo ni kawaida. Ya pili ikipita hajagusa kitu, usisubiri tarehe ya kurudi, wapigie.